Prokhor Bondarev na Mbavu za Pipa la Bocharova

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba, Prokhor Savelyevich Bondarev atafunga karakana ya mapipa ya kiwanda chetu cha kutia mboga chumvi, kisha atarudisha ufunguo ofisini. Ameitumikia karakana hiyo kwa miaka arobaini na minne. Ufunguo wenyewe haujawahi kuwa na kazi kubwa, maana mlango ule haukufungwa hata siku moja. Nani atakimbia na pipa mgongoni? Lakini utaratibu ni utaratibu, na ufunguo unatafutwa tangu Jumatatu.

Aliingia kazini akiwa kijana, nyuma ya baba yake Savely, ambaye naye aliingia nyuma ya baba yake, na kadhalika, hadi unamfikia yule babu wa kwanza aliyefika hapa Klyonki na mkokoteni akitokea kusini. Kule kusini fundi mapipa huitwa bondar, na Bondarev maana yake ni wa ukoo wa fundi mapipa tu, hakuna ukuu mwingine. Huku kwetu fundi huyohuyo huitwa bochar. Kwa hiyo babu aliposhusha tezo lake kutoka mkokotenini, alikuta ng'ambo ya mto kuna ukoo wa Bocharov, wenye jina la maana ileile, kazi ileile na kiburi kilekile. Tangu hapo mji huu umekuwa na mafundi mapipa wa aina mbili, na kila aina imekuwa ikisema kwamba ile nyingine inatengeneza machujio.

Wengi wetu hapa kiwandani tuna majina ya kazi za mababu, na tumeyavaa kama koti la kuazima. Konyukhov, dereva wetu, ni wa ukoo wa watunza farasi. Akimwona farasi barabarani huzima lori na kungoja apite. Mhasibu Rybakov ni wa ukoo wa wavuvi, na samaki humvimbisha midomo. Prokhor Savelyevich alikuwa karibu peke yake kati yetu ambaye jina na mikono vilisikilizana, na hakuacha tusahau.

Ndiyo maana ukuta wa bwalo, ule wa karibu na samovari, birika letu kubwa la chai, ulikuwa wake. Kwa miaka yote hiyo alikata magazetini picha za akina Bondarev mashuhuri na kuzibandika pale. Kulikuwa na Bondarev amiri wa jeshi la maji, Bondarev mlinda lango wa hoki, Bondarev mwimbaji wa opera mwenye kifua cha ng'ombe, Bondareva, mwanamke profesa aliyewachunguza vyura, na Bondarev mmoja aliyeoa wanawake watatu katika miji mitatu mpaka mahakama ikamtangaza nchi nzima. "Naye ni wetu," alisema Prokhor. "Ukoo haubagui." Siku moja Kapitolina, mkuu wa chumba cha chumvi, alisimama pale na kikombe cha chai, akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho, akauliza:

"Prokhor, kati ya hawa, nani amewahi kutengeneza pipa?"

"Kunywa chai, Kapitolina. Inapoa."

Chini ya picha hizo aliandika vyeo kwa mkono wake: amiri, mwimbaji, profesa. Neno "fundi mapipa" aliliandika mahali pamoja tu, chini ya picha ya marehemu baba yake. Hata yeye mwenyewe hakujiita hivyo. Akiulizwa kazi yake alijibu, "Nafanya kwenye mapipa."

Mapipa yenyewe hayahitaji sifa zetu. Kila vuli tunayashusha mtoni yakiwa yamejaa matango, tunayafunga mawe, na yanalala chini ya barafu hadi Machi. Pipa likivuja tone moja, mto unaingia na matango yanageuka tope. Mwaka ule barafu ilipovunjika mapema, mapipa yetu kadhaa yalikatika kamba yakasafiri mpaka wilaya ya jirani. Wenyeji wa huko waliyavua, wakala matango, wakarudisha mapipa matupu yameoshwa vizuri, na salamu kwa fundi. Mkurugenzi alitaka kuwashtaki. Prokhor alikataa, akasema hukumu imeshatolewa: walikula yote.

Jambo linalofuata halikuwamo katika maelezo tuliyopewa na ofisi. Lakini kila mtu mjini analijua, na wasifu wenye tundu katikati utavuja.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja karakana Ulyana, mjukuu wa Yefim Bocharov wa ng'ambo ya mto, akiomba kufundishwa kazi. Mashindano yalikuwa yameshakwisha kitambo, kwa sababu Wabocharov walikuwa wamebaki wawili tu, babu kitandani na mjukuu huyu. Prokhor hakuinua macho kwenye randa.

"Jina la ukoo?"

"Unalijua, Prokhor Savelyevich."

"Basi umepotea njia, binti. Hapa ni kwa Bondarev."

"Bocharov si ni fundi mapipa pia?"

"Ni fundi. Wa mapipa ya kukalia."

Kapitolina alipaza sauti kutoka chumba cha chumvi, "Mchukue, we mzee! Mgongo wako unalia kama mlango wa ghala!" Prokhor akapiga randa kwa nguvu zaidi, ili asisikie.

Ulyana hakurudi kuomba. Alitengeneza pipa nyumbani, babu akimwelekeza kutoka kitandani na kuletewa kila ubao aukague kwa vidole. Vuli ile Kapitolina na Konyukhov walilichukua kwa siri, wakalijaza matango na kulishusha mtoni pamoja na mengine. Walidhani ni mzaha mzuri. Hata sisi tulidhani hivyo.

Mwezi Machi, kama kawaida, mji ulikusanyika juu ya barafu kuangalia mapipa yakitolewa. Prokhor alipita akigonga moja moja. Alipofika kwenye lile, alisimama. Akaligonga tena. Akazunguka, akanusa maungio, akafungua kifuniko, akala tango zima, nasi tukamsubiri atafune. Kisha akavua kofia.

"Hili ni la marehemu baba," alisema. "Sijui lilijificha wapi. Siku hizi hakuna mkono kama huu."

Pengine kama hapo tungenyamaza wote, mambo yangekuwa mengine. Lakini Ulyana alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa amesikia alichokuwa akikitamani maisha yake yote. Akasema kwa furaha tupu, bila kejeli yoyote:

"Ni la Bocharov, Prokhor Savelyevich! Nimelitengeneza mimi."

Mtu mmoja akacheka. Hatumtaji, kwa kuwa tulikuwa wengi.

Prokhor akarudisha kofia kichwani. Akaichukua nyundo yake ya mti na kuzigonga pete za chuma, moja baada ya nyingine, mpaka zikatoka. Mbavu za pipa, zile mbao za ubavuni, zikafunguka kama ua, na matango yakamwagika juu ya barafu mpaka kwenye viatu vya watu.

"Pipa moja halimfanyi mtu fundi," alisema. "Hata paka kipofu hukamata panya siku moja."

Ulyana alitazama mbavu zile, akamtazama yeye, akageuka akaondoka juu ya mto. Babu yake alifariki kabla ya Pasaka, na baada ya mazishi msichana alikwenda mji wa mkoa, akapata kazi katika kiwanda cha madirisha ya plastiki. Akina mama waliokota matango kwa aproni. Kwa kuwa tumeahidi kusema ukweli: yalikuwa matamu kuliko ya mapipa yote ya mwaka ule. Sote tuliamini kwamba mbavu zile Prokhor alizichoma jikoni usiku uleule.

Miaka ikapita, naye akazeeka kwa namna ya mti wa mwaloni, yaani hakuna aliyeona mpaka alipopasuka. Majira ya kuchipua mwaka huu mgongo ulimlaza wiki tatu. Mkurugenzi wetu, Inna Rodionovna, si mtu mbaya, lakini ni mtu wa hesabu. Alimwambia wazi: asipopatikana fundi mwingine kabla ya msimu wa kabichi, kiwanda kitanunua madumu ya plastiki na karakana itafungwa. Prokhor akautangazia ukoo mzima. Binti yake anafundisha jiografia na hataki kusikia. Wakaja Bondarev wawili kutoka mbali. Wa kwanza alijikata kidole gumba kabla ya chai ya saa nne. Wa pili aliuliza kama kazi hii mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani kwake.

"Si upo mkono mmoja tunaoujua," Kapitolina alimwambia bwaloni, mbele ya watu.

"Nyamaza."

"Nimenyamaza miaka kumi na moja, Prokhor. Imetosha."

Mwezi Agosti alipanda ngazi ndani ya karakana na kushusha kutoka juu ya jiko la kuni furushi la magunia. Ndani yake zilikuwamo mbavu za pipa, zimefungwa kwa kamba, kila moja na namba yake ya chaki kwa mpangilio uleule ziliokuwa nao siku ile juu ya barafu. Mtu anayevunja pipa kwa hasira haandiki namba. Kwa hiyo alikuwa amerudi mtoni siku ile baada ya sisi kuondoka, akaziokota, akazipanga, na kwa miaka yote hiyo alifanya kazi chini ya furushi lile. Alilijenga upya peke yake, akalisimamisha uani na kulijaza maji. Kisha Jumamosi akavaa suti, akapanda basi kwenda mji wa mkoa, akasimama kwenye lango la kiwanda cha madirisha. Tunajua yaliyosemwa kwa kuwa mlinzi wa pale ni binamu yake Kapitolina.

"Njoo utazame pipa lako," Prokhor alimwambia.

"Mimi sina pipa, mzee wangu."

"Unalo."

Ulyana alikuja Jumanne iliyopita kwa basi la adhuhuri. Ni mama sasa, na mabega yamekuwa mapana. Tulikuwa tumesimama madirishani, kila mmoja akijifanya ana kazi papo hapo. Alilizunguka pipa polepole. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye maungio yote, na ardhi pale chini ilishakuwa matope, kwa sababu Prokhor alikuwa akiliongezea maji asubuhi na jioni tangu Agosti ili mbao zivimbe na kujifunga. Ulyana aliweka kidole kwenye ungio moja, akakitazama.

"Mbao za mwaloni zilizokaa juu ya jiko miaka kumi na moja hazifungi tena," alisema. "Na wewe unajua."

"Najua."

"Sasa umeniitia nini?"

Prokhor alifuta tone kwenye pete ya chuma. "Nilitaka uone kama nimezipanga sawa."

Ulyana akainama, akapitisha kiganja kwenye mbavu moja baada ya nyingine, kuzunguka pipa lote, kama alivyokuwa akifanya babu yake kitandani.

"Umezipanga sawa, Prokhor Savelyevich."

"Benchi la fundi liko wazi. Nimemwambia mkurugenzi. Jina lolote."

"Nina watoto wawili shuleni kule, na mume, na nyumba yenye madirisha mazuri sana," alisema, akatabasamu kidogo. "Ungeniambia hivi nikiwa na miaka ishirini na miwili, ningelala humo karakana."

Wakanywa chai bwaloni, akala sambusa ya kabichi ya Kapitolina, akasifu. Saa kumi akapanda basi.

Madumu ya bluu yanafika Jumatatu. Inna Rodionovna ameagiza yawe ya rangi hiyo ili yafanane na mto.

Jana asubuhi tulikuta ukuta wa bwalo uko mtupu. Amiri, mlinda lango, mwimbaji, profesa wa vyura na yule mwenye wake watatu wote wametolewa na kufungwa vizuri kwenye boksi la viatu. Zimebaki picha mbili tu, kando kwa kando. Ya kwanza ni ya Savely, ileile ya siku zote. Ya pili imekatwa kwenye gazeti la mkoa, inaonyesha wafanyakazi bora wa kiwanda cha madirisha wakiwa wamepanga mistari miwili, na duara la penseli limezungushwa kwenye uso mmoja wa safu ya nyuma. Chini yake, kwa mwandiko tunaoujua sote, kumeandikwa: "Ulyana Bocharova. Fundi mapipa."

Prokhor Savelyevich, kwa yote uliyotuwekea chini ya barafu yakatoka salama, asante. Uwe na mgongo mwepesi, jiko la moto na majirani wenye subira. Pipa lile la uani tumekubaliana halitaondolewa. Atakayepita asubuhi ataliongezea maji, na atakayepita jioni pia. Na ukija mwakani tukakupa tango letu la dumu, ule tu kidogo kwa adabu, usiseme kitu. Tutakuwa tunajua.