Tulivyoijaribu Mashine ya Soya Uwanjani

Wazee wangu, shikamooni. Wanakikundi wenzangu, poleni na shughuli. Nimeombwa niseme kidogo, nanyi mnanijua, kidogo changu huwa kirefu. Mnivumilie.

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu aliniambia waziwazi: "Shemeji, lima msimu huu tuone. Likikushinda, lile shamba tunalirudisha kuwa malisho ya ng'ombe." Mimi nina watoto, na shamba ni hilo hilo moja. Nikachagua soya. Nikaazima mashine ya kupandia ya kikundi, ile inayovutwa na maksai, majirani wakaja risaga, kazi yetu ya kusaidiana, kila nyumba na mtu wake, tukapanda tukiimba. Maksai walikuwa wanakimbia, na sisi tunawashangilia! Jua halijawa kali, tumemaliza.

Ndugu zangu, nawaambia, mvua ilinyesha vizuri kabisa. Mahindi ya jirani yakaota. Kwangu mche mmoja hapa, mwingine kule, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Shemeji akapita na ng'ombe wake, akasimama, akatazama, akaenda zake. Nililia, siwafichi.

Ndipo akaja mama mmoja wa humu humu. Yupo, ameinamisha kichwa, anajua namsema. Sikumwita. Alifukua mistari kwa kidole. Mbegu nyingine zilikuwa vipande vipande, nyingine zimechipua chini sana, zimejikunja, zimeshindwa kutoka. Akasema, "Tusiilaumu mbegu bado. Lete mashine nyumbani."

Akafagia uwanja wangu, pale ninapoanika mtama, akatia mbegu kiasi, tukaivuta mashine kwa mikono juu ya ardhi tupu. Kila kitu kikaonekana! Soya zilidondoka moja hapa, nyingine mbali kule, na nyingine zimekatika nusu. Kumbe mashine ilikuwa imetoka kupanda mahindi. Ile sahani ya matundu inayogawa mbegu ilikuwa ya mahindi, na jembe lake lilikuwa limeshushwa chini mno kwa soya. Tukiivuta mbio, inapita tu bila kudondosha kitu. Nilimtazama yule mama nikasema moyoni, huyu, Mungu alimuumba siku ambayo hakuwa na haraka.

Tukabadili sahani, tukapandisha jembe hadi kina cha vidole viwili, tukarudia na kurudia mpaka soya zikalala kwenye mstari, nzima. Sasa mbegu nyingine nitoe wapi? Ninyi ndio mliojibu. Huyu bakuli, yule kisado, mwingine akapunguza hata za kupanda kwake. Mvua zilikuwepo bado. Tukapanda upya, na yule mama akatangulia mbele ya maksai akiwazuia, wakaenda mwendo wa bibi harusi anaingia kanisani.

Zikaota, jamani! Mistari yote kijani. Shemeji akapita tena, safari hii akaingia hadi katikati, akachuchumaa. "Shemeji," akasema, "ng'ombe nitawatafutia pengine."

Mama yangu uliyeinama, asante sana. Nanyi mlionipa mbegu za watoto wenu, Mungu awazidishie. Ninachowaomba ni hiki: mashine ikija kwako, usiiamini kwa sababu jana ilimpandia mwenzako vizuri. Ivute kwanza uwanjani, uinamie, utazame.

Msimu huu nimepanda bila kumwomba mtu ruhusa.