Shangazi na Mstari wa Tano

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mwandishi Mkuu wa Mazungumzo wa kampuni yetu ya gemu anastaafu. Cheo hicho kimebandikwa kwenye mlango wake na hakuna anayekitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mhasibu, wote tunamwita Shangazi, kwa sababu Mkurugenzi ni mtoto wa kaka yake na hajawahi kufaulu kumwita vinginevyo mbele yetu. Siku aliyokabidhiwa ofisi alijaribu. Alisema "Bi. Mwandishi Mkuu", Shangazi akageuka nyuma kutafuta ni nani anayeitwa, na jambo hilo likaishia hapo.

Mimi ni mkuu wa chumba cha majaribio, ambacho kazi yake ni kucheza gemu kabla hazijatoka na kuzilalamikia. Ukuta wa chumba chetu na wa Shangazi ni mmoja, na ni mwembamba. Miaka yote hii nimemsikia akiongea peke yake, mara kwa sauti ya askari aliyelewa, mara ya malkia mwenye mafua, akijaribu maneno kinywani kabla ya kuyaandika. Wageni wa chumba changu hudhani kwake kuna mkutano. Nimeombwa niandike haya kwenye jarida la kampuni, kwa ufupi na kwa heshima, na heshima ipo.

Kwa ndugu na jamaa ambao bado wanaamini tunatengeneza michezo ya watoto, nieleze kidogo. Gemu zetu ni za kuigiza uhusika. Mchezaji anakuwa mtu mwingine, labda mganga au askari aliyefukuzwa kazi, anatembea mji hadi mji, anaongea na watu, na maneno yake ndiyo yanayoamua mambo yataishaje. Watu hao wa mijini wanasema nini, na kwa nini, yote yametoka kwa Shangazi.

Alianza kazi wakati kampuni ikiwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, chini ya kaka yake, mwanzilishi wetu marehemu. Gemu zilikuwa za kompyuta pekee. Mchezaji alikuwa na kibodi, kwa hiyo aliandika mwenyewe kile anachotaka kusema. Ukifika kwa mama muuza mkate wa mji wa kwanza, unaandika "mkate", anakutajia bei. Unaandika "vita", anakwambia mwanawe alikwenda na hajarudi. Ukiandika neno ambalo Shangazi hakulifikiria, anakutazama na kusema hajakuelewa.

Maneno hayo yaliyokosa majibu Shangazi aliyaita yatima. Wachezaji waliyatuma, mwanzoni kwa posta na baadaye mtandao wenyewe ukawa unayaleta, na kila Jumatatu asubuhi alikaa akiyaandikia majibu. Jumatatu humpati mkutanoni, hata uje na nani. Kuna mtu alimwuliza muuza mkate kama anajua kuogelea. Toleo lililofuata, muuza mkate alikuwa na mengi ya kusema kuhusu kuogelea, na mengine yalimhusu mume wa jirani yake.

Kisha zikaja mashine za sebuleni, zile zinazochomekwa kwenye televisheni na kuchezwa kwa pedi, kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, mtu akiwa amejinyoosha kwenye kochi. Kaka yake alikuwa ameshafariki na mwanawe ndiye aliyeshika usukani. Nisimwonee Mkurugenzi. Soko lilikuwa limehamia sebuleni, na asingelifuata, leo wengi wetu tungekuwa tunauza vocha. Aliamua kwamba kila gemu ibuniwe kwa ajili ya pedi kwanza, kisha ihamishiwe kwenye kompyuta. Pedi haina herufi. Ina vitufe vinne vya kidole gumba cha kulia, basi mazungumzo yakapewa majibu manne, mchezaji achague moja. Mahali pa kuandika pakafutwa, hata kwenye kompyuta yenye kibodi yake kamili.

Shangazi aliumia, na hakuficha. Nilimkuta ameshika tama mbele ya skrini. Akaniambia, "Wanataka mtu mzima, na biashara yake, aulizwe mambo manne tu." Alifuta kwa mkono wake majibu ya miaka mingi, likiwemo la kuogelea. Kwa siku kadhaa ukuta wetu ulikuwa kimya, na tukagundua kwamba tulikuwa tumezoea kufanya kazi na yule malkia mwenye mafua.

Gemu ya kwanza ya mpango huo ilipohamishiwa kwenye kompyuta, ilibeba vituko vyake. Maandishi ya skrini yalimwambia mchezaji wa kompyuta abonyeze kitufe cha kijani. Kwenye pedi kitufe cha kijani kipo. Kwenye kibodi hakipo. Jengo zima lilikuwa limezoea pedi kiasi kwamba hakuna aliyeona kasoro. Tulikuwa tukisoma "kijani" na kidole kinajiendea chenyewe panapofaa. Simu ya mapokezi ikaanza kulia. Mwalimu mmoja mstaafu alieleza kwamba amepaka herufi moja ya kibodi yake rangi ya kucha ya kijani, na bado lango la mji halifunguki. Shangazi aliomba apewe yeye simu hiyo. Waliongea mpaka tukadhani ni ndugu yake, na mwisho akamsihi yule mwalimu asiifute ile rangi, maana imempendeza.

Baada ya hapo alileta kochi kutoka nyumbani kwake na kuliweka chumbani kwangu bila kuniuliza. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila skrini ya gemu itajaribiwa kwenye viti viwili, kiti cha mezani chenye kibodi na kochi lenye pedi, na ikikataliwa na kimoja haitoki. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya kazi. Wafanyakazi wapya huambiwa kanuni hiyo kabla hawajaonyeshwa choo.

Kanuni haikutosha kumshawishi Mkurugenzi kuhusu mkoba, ule ambamo mchezaji huweka vitu anavyookota njiani. Zamani mchezaji wa kompyuta aliutandaza mkoba wake wote kwenye skrini, akahamisha vitu kwa kipanya apendavyo. Sasa mkoba ulikuwa orodha ya herufi kubwa kama za bango la barabarani, maana zilikusudiwa mtu aliye mbali na televisheni, na ili ufikie ufunguo ulipaswa kuteremka mshumaa baada ya mshumaa. Mkurugenzi alisema watu watazoea. Basi Shangazi akaweka mkoba wake wa begani juu ya meza ya mkutano na kumwomba amtolee miwani. Masharti yalikuwa asichungulie ndani, atoe kitu kimoja kimoja, na akitaje jina kabla ya kugusa kingine. Mkurugenzi ni bosi, lakini ni mtoto wa kaka yake. Akatoa leso, akaitaja. Akatoa betri. Akatoa limau, akaliangalia, akatuangalia na sisi, akaendelea. Alipoifikia miwani chai ilikuwa imepoa na mhasibu alikuwa ametoka nje kucheka. Wiki iliyofuata kompyuta ilirudishiwa mkoba wake.

Mtu angedhani Shangazi aliichukia pedi. Aliichukia, mpaka Jumapili moja mchana. Mume wake ni fundi wa magari, mtu mwema mwenye vidole vinene ambavyo kibodi ilivikataa tangu uchumba. Katika ndoa yote hiyo hakuwahi kucheza gemu hata moja ya mkewe. Alizisifu tu kwa kusikia. Mkwe wao alipomletea mashine ya sebuleni, mzee alishika pedi, akajiweka sawa kwenye kochi jipya, na Shangazi, akiwa anapiga pasi, akamwona anatembea kwenye miji yake kwa mara ya kwanza. Alisalimia kila mtu. Alirudi nyuma kuwasalimia aliowapita. Shangazi anasema alilia kidogo, na kwamba shati lililokuwa mezani liliungua kola.

Mzee akafika kwa muuza mkate. Akachagua jibu moja kati ya manne, akaambiwa habari ya yule mwana aliyekwenda vitani. Akasoma. Akapanda na kushuka kwenye yale majibu, akarudia tena, kisha akageuka na kusema, "Mama, mbona sioni pa kumpa pole?"

Shangazi alizima pasi. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi. Hakudai kurudishiwa zamani, na alisema wazi kwamba pedi imemletea mumewe mpaka mlangoni kwa muuza mkate, jambo ambalo kibodi haikuweza. Alidai kitu kimoja: chini ya majibu manne uwepo mstari wa tano, mtupu, mchezaji aandike neno lake mwenyewe. Mwenye kibodi ataandika kwa kibodi. Mwenye pedi ataokota herufi moja moja kwenye skrini, na kama ana la kusema, hatachoka.

Mkurugenzi alimjibu kwa upole kwamba waongeze tu "pole" kati ya yale manne. Shangazi akamwuliza atoe lipi, na kesho akija mwingine mwenye lake, atatoa lipi tena. Mvutano huo ulidumu karibu miaka mitatu. Wote wawili walikuwa na hoja. Kila neno la mchezaji linahitaji mtu wa kulijibu, na mtu huyo alikuwa mmoja, na alikuwa anakaribia kustaafu. Hilo ndilo lililomkosesha Shangazi raha. Mstari usipoingia kabla hajaondoka, hautaingia tena, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuupigania.

Mwishoni mwa mwaka jana Mkurugenzi alikubali, kwa sharti. Mhusika mmoja tu, muuza mkate, na majaribio mpaka mwisho wa Mei. Wachezaji wasipoutumia, mstari utaondolewa. Shangazi alisema, "Sawa, mwanangu," akaenda kazini. Chumba changu kilimsaidia kwa kadiri ya uwezo wake, yaani kilimtukana muuza mkate wiki nzima. Kila tusi lilipata jibu. Vijana wangu wawili waliishia kumwomba radhi.

Gemu ilitoka Machi. Siku za kwanza hayakuja maneno, si ya kompyuta wala ya sebuleni. Watu walibonyeza majibu manne na kupita, kama tulivyowazoeza sisi wenyewe. Shangazi alikuja Jumatatu, akakaa mbele ya ukurasa mtupu, akarudi nyumbani mapema. Jumatatu ya pili ikawa hivyohivyo. Nikampelekea maandazi, naye akayala bila kuuliza ni ya nini.

Wiki ya tatu lilikuja neno moja kutoka kwenye mashine ya sebuleni, limeokotwa herufi kwa herufi: "pole". Tulipomshuku mumewe aliapa kwamba si yeye, yake aliitoa siku ya kwanza ila mtandao wa nyumbani ulikuwa umekatika. Baada ya hilo yakaja mengine, na kufikia katikati ya Mei yalikuwa yanamiminika. Watu walimwuliza muuza mkate jina la mwanawe, kama anapata usingizi, kama unga umepanda bei. Mtoto fulani alimsimulia kuhusu paka wake. Yaliyotoka kwenye kochi yalikuwa mengi karibu sawa na ya kibodi, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesoma matokeo hayo mkutanoni. Mstari wa tano unabaki.

Sasa lipo neno moja ambalo Shangazi hakulijibu. Lilikuwa linaongoza kati ya mayatima wote, na kila Jumatatu alilisogeza chini. Neno lenyewe ni "kwaheri". Kwenye majibu manne halikuwahi kuwepo. Ukimaliza mazungumzo unabonyeza kitufe na mtu anatoweka. Kumbe wachezaji wengi walikuwa wanarudi kwa muuza mkate kabla ya kumaliza gemu, ili kumuaga. Jumatatu yake ya mwisho nilimsikia ukutani akijaribu sauti, anaanza, anaacha. Mwishowe alitokea mlangoni kwangu, macho mekundu, akasema, "Hili limenishinda. Andikeni ninyi."

Jibu liliandikwa siku hiyohiyo na likaingizwa kwenye gemu. Ukimwandikia muuza mkate "kwaheri", anafuta mikono kwenye aproni na kusema: "Nenda salama. Mkate wako nitakuwekea, hata ukichelewa."

Shangazi alilisoma akiwa amesimama. Hakurekebisha kitu, naye hurekebisha hata kadi za harusi. Akauliza nani kaandika, na chumba kizima tukatazama juu, kwa kuwa tulikuwa tumeombwa tusiseme.

Shangazi, asante kwa kila mtu uliyempa kinywa, na kwa kochi, ambalo haturudishi. Tunakuombea afya, siku ndefu na Mzee wako, na Jumatatu za kulala hadi jua liwe juu. Na kwa kuwa jarida hili linatoka ukiwa umeshakabidhi funguo, naona siwezi kushtakiwa. Aliyeandika lile jibu ni mwanao, Mkurugenzi. Kuanzia Julai amefuta mikutano yake yote ya Jumatatu asubuhi, na jana, kupitia ukuta, tumemsikia akijaribu sauti.