Mateka wa Jemedari

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu wa kuazima, mbele ya banda la kuziba pancha, tunapoketi na fundi wake, dobi na muuza kahawa. Asubuhi ile Jemedari alikuja na bomba la dawa mgongoni, limejaa, na hakulivua hata alipoketi. Mkononi alishika glasi aliyoondoka nayo jana bila kumuaga muuza kahawa, kaifunika kwa kisosi. Tunamwita Jemedari kwa sababu msimu mzima anapigana na vidukari, vile vijidudu vya kijani vinavyofyonza kabichi zake. Kapulizia mara tatu, na kila mara vinarudi vingi zaidi. Mkewe ameshatamka: shamba likimshinda na safari hii, atalichukua yeye. Nilimhurumia kweli, ila kicheko nacho kilinibana.

JEMEDARI: Leo nimemkamata mkubwa wao!

Akaweka glasi katikati ya benchi, akaondoa kisosi. Ndani mlikuwa na kipande cha jani kilichojaa vidukari, na mdudu mmoja mweusi, ana madoa ya rangi ya chungwa na mgongo wenye miiba, kama mamba mdogo.

FUNDI PANCHA: Mama yangu! Huyu ana sura ya kesi.

JEMEDARI: Nilimkuta katulia katikati yao, anaamrisha. Leo dawa nimezidisha mara tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

DOBI: Methali umeionea bure. Wewe umevizoesha. Kidukari akinywa dawa mara ya kwanza anaugua, mara ya pili anapona, mara ya tatu anaidai kama chai!

FUNDI PANCHA: Wapi! Vinasikia mlio wa bomba, vinahamia kwa jirani. Ukimaliza, vinarudi na wageni.

DOBI: Mbona huyo jirani hapulizii, na kabichi zake nzima?

FUNDI PANCHA: Kavipangisha! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MIMI: Inahusu nini hapo?

FUNDI PANCHA: Si vinakaa chini ya jani? Utavionaje bila kuinama?

Mama mmoja aliyeleta baiskeli yake izibwe akasogea, akachungulia glasi.

MAMA: Samahani, jamani. Mbona vile vya kijani vinapungua?

Tukagonganisha vichwa. Yule kamanda mweusi alikuwa na kidukari mdomoni, anatafuna. Akamaliza, akamfuata mwingine.

JEMEDARI: Anakula askari wake?

MUUZA KAHAWA: Huyo si wa kwao, ndugu yangu. Huyo ni wako.

Jemedari akanywea.

JEMEDARI: Walikuwa wengi kama huyu. Nilipopulizia mara ya kwanza, niliwakuta wamelala chali chini ya mashina. Nikamwita mke wangu aje kuona ushindi.

DOBI: Usihuzunike, kaka. Leo pulizia vidukari peke yao.

MAMA: Na hiyo dawa ikifika shambani, itajuaje nani wa kuua na nani wa kuacha?

Fundi akalikazia macho tairi. Dobi akanywa kikombe kitupu. Mimi nikajikuna pasipowasha. Muuza kahawa akatikisa birika.

Jemedari akasimama, akalivua bomba.

JEMEDARI: Fundi, lifungie humo bandani. Hata nikija kukulilia, usinipe.

Akafunika glasi kwa kisosi, akaikumbatia kifuani, akashika njia ya shamba.

MUUZA KAHAWA: Wee, glasi yangu!

JEMEDARI: Utaipata. Ngoja kwanza nimrudishe askari wangu lindoni.