Uwanja wa Kokoto Una Watu Sitini na Watatu

Risala ya Umoja wa Mama Lishe na Wachuuzi wa Uwanja wa Kokoto, iliyosomwa mbele ya Mgeni Rasmi siku ya kuzindua mpango mpya wa mji, Makambako, Juni 1998. Msomaji: Bi. Rukaiya, katibu wa umoja na muuza chai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu wa serikali, masheikh, mapadre na wachungaji, mabibi na mabwana: kamwene.

KARIBU

Tumefurahi kukuona, na tunakupa pole ya safari na ya baridi. Upepo wa Makambako haumjui mkubwa wala mdogo, kwa hiyo usione haya kufunga koti. Tunajua umekuja kuzindua mpango utakaofanya mji wetu ufanane na miji mingine ya dunia. Tunajua pia kuwa baada ya saini yako mpango ni sheria. Ndiyo maana tumeomba tusome kabla hujashika kalamu, na tunashukuru kwa kukubaliwa.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, Uwanja wa Kokoto ni ule ulio nyuma ya jukwaa hili, kati ya barabara kuu na njia ya kwenda Njombe. Jina lilitokana na lundo la kokoto lililoachwa na wajenzi wa barabara. Mwaka 1972 Mama Bertila alitoka Kifanya na sufuria moja ya makande, mtoto mgongoni, akakaa kando ya lundo lile akawapikia wajenzi. Wajenzi waliondoka, yeye akabaki, na kwa kuwa alibaki wengine tukaja. Mzee Badru alitokea Kondoa na birika. Biashara ilipofunguliwa wakaja wauza mitumba, na viwanda vilipopunguza watu wakaja akina Elieza, fundi wa mashine ambaye leo anakaanga mihogo, na anaikaanga vizuri.

Redioni tunasikia kuwa dunia imekuwa kijiji. Sisi kijiji hicho tumekipikia miaka ishirini na sita. Dereva anayetoka bandarini kwenda Zambia anajua kwamba kwa Stella kuna uji wa ulezi alfajiri. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Lugarawa anapata maji ya moto bila kuulizwa anatoka wapi.

TULIYOYAFANYA

Tumechimba mtaro wetu wenyewe, na mvua za mwaka jana zilipobomoa kingo tukauzibua kwa majembe yetu. Tuna zamu ya kufagia. Waislamu hushika zamu siku ya Noeli, Wakristo hushika siku ya Idi, na hatujawahi kugombana ila mara moja, kwa ajili ya mbuzi wa Hamisa, muuza chapati. Watoto wetu wanasoma.

Lakini jambo tunalolijua kuliko yote, Mheshimiwa, ni kutoweka. Kila msafara wa kiongozi unapotajwa, tunakunja turubai, tunabeba meza, tunazoa majivu na kumwagia maji vumbi. Ndani ya dakika ishirini uwanja unakuwa mweupe. Tulifanya hivyo kwa heshima, maana mgeni hapokelewi na masufuria machafu. Tulifanya hivyo kwa hofu pia, tusikufiche. Aliyeonekana ndiye aliyefukuzwa. Bila shaka hata wewe umeshapita hapa siku za nyuma ukausifu usafi wetu.

KOSA LETU

Machi mwaka jana tulisikia wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam. Hatukuuliza wanakuja kufanya nini. Tukakunja, tukafagia, tukajificha nyuma ya magunia ya viazi. Kumbe safari hii walikuwa wataalamu wa mipango miji, na walikuja kutuhesabu.

Alibaki uwanjani Marcelino na ufagio wake. Yeye ndiye mtoto aliyekuja mgongoni mwa Mama Bertila, sasa mtu mzima, mbeba mizigo. Mtaalamu, dada mmoja mpole mwenye karatasi kubwa, alimwuliza hapa wanakaa akina nani. Marcelino akajibu, "Hapa hapana mtu, dada. Ni uwanja tu." Mama yake alikuwa hatua kumi nyuma yake, amejikunyata. Dada akaandika. Alipoondoka tulimpongeza Marcelino, tukamkaangia yai.

CHANGAMOTO

Baadaye tuliitwa semina. Tulifundishwa nadharia za miji: ipo isemayo mji hukua kwa maduara kutoka katikati, ipo isemayo mji hufuata barabara, na ipo isemayo ardhi iende kwa awezaye kuilipia zaidi. Mtaalamu aliyetufundisha alikuwa muungwana, aliongeza kuwa wapo pia wasemao mji ni haki ya wale wanaoufanya uishi. Hapo Hamisa akanyoosha mkono: "Na anayemlisha anayejenga, mmemweka kwenye duara gani?" Mtaalamu alicheka bila dharau, akasema wasomi bado wanaliandikia vitabu swali hilo. Tulikaa tukingoja kitabu, ikaja barua.

Barua inasema tuondoke ifikapo mwisho wa mwezi huu. Ramani imebandikwa. Uwanja wetu umepakwa kijani na kuandikwa "eneo lisilo na watu", nao utajengwa stendi na hoteli ya mwekezaji. Vibanda vya soko jipya watapewa waliohesabiwa. Wenzetu wa upande wa reli, ambao hawakufagia siku ile, wamo. Sisi hatumo hata mmoja. Inauma, Mheshimiwa, kuadhibiwa kwa sababu ya adabu.

Marcelino alituomba tuandike humu kwamba mwenye kosa ni yeye. Alisema, "Nilidhani namlinda mama." Tumekataa kuandika hivyo. Yeye alisema, lakini tuliojificha ni sisi sote, na ufagio ulikuwa wa umoja.

MAOMBI

Hatuombi mpango ufutwe. Stendi tunaitaka, wasafiri wanalowa. Hata hoteli ijengwe, wajenzi wake watakula. Wala hatumlaumu yule dada, kwani aliandika alichoambiwa. Ombi letu ni moja: kabla ya saini, tuhesabiwe upya, tukiwepo.

Jana afisa mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa naye hula kwetu, alitukumbusha kusafisha uwanja kwa ajili yako, kama desturi. Tumesafisha. Hakuna moto, hakuna meza, hakuna turubai. Ila safari hii hatukujificha.

Bila shaka umejiuliza kwa nini viti vya wanaumoja hapa mbele ni vitupu. Si kukudharau. Wenye viti wako uwanjani nyuma yako, kila mmoja amesimama pale anapouzia kila siku. Wamesimama tangu saa mbili asubuhi, kwenye baridi hii. Mama Bertila haoni vizuri tena, lakini amekataa kiti. Yuko palepale penye kokoto, na Marcelino amemshika mkono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba ugeuke, ushuke, ukawahesabu mwenyewe. Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo wa kusikia, akurudishe salama kwa watu wako, nao wakukute kama ulivyoondoka.

Sisi ni Umoja wa Mama Lishe na Wachuuzi wa Uwanja wa Kokoto, watu sitini na watatu. Nikishakukabidhi karatasi hii, naomba ruhusa yako nikimbie kwenye nafasi yangu, ya kumi na tisa kutoka kwenye kokoto, usije ukahesabu sitini na wawili.