Dimanche Colombe Atasema

Banc yangu, benchi ya kukalia, iko pa kona ya Cimpunda, huku Bukavu, fasi njia inashuka kutoka ku paroisse, kanisa yetu, na kuanza kuwa matope. Ni mbao mbili tu, fundi alizipigilia ku ukuta ya pharmacie, duka ya dawa yenye ilifungwaka zamani. Miye ni Domitille, mwenye kahawa. Nauza kahawa na beignets kila asubuhi, na juu yake napewa bure makelele ya banaume benye kujua kila kitu. Kuko Directeur, jina yake ya kweli Edouard, alikuwaka directeur wa masomo ya primaire na mupaka leo anatusahihisha kama batoto. Kuko Ambassadeur, njo Ignace huyo: aliendeshaka gari ya ONG moja, shirika ya misaada, akatoka kule na kofia na maneno ya mikutano. Kuko Steve, tunamuita Docta, juu kila ugonjwa anaitafuta mu telefone mbele mugonjwa amalize kusema. Wa mwisho ni Chrispin. Yeye tunamuita Kimya, na sina haja ya kueleza sababu. Sasa ile asubuhi ya vendredi, siku mbili mbele ya dimanche, Kimya njo alianza kusema, na kahawa ilikuwa haijapoa.

— Padri amekubali, anasema. Dimanche, siku ya misa, nyuma ya matangazo, Colombe atasema.

— Atasema nini? Directeur anauliza.

— Atasema kanseri yake.

Jameni. Banc nzima ilisukumana kama mutu alikaa ku mwiba. Colombe ni bibi ya Chrispin. Alipata kanseri ya titi, bakaikata, bakamupa madawa yenye ilimaliza nywele yote ku kichwa. Alirudi. Leo anapanda hii mulima na beseni yake ku kichwa, na ananisalimia kwa sauti. Lakini mu jamaa yao hakuna mutu mwenye alitamkaka ile neno kanseri. Beye bilisema karuho. Na kama hauko wa huku, karuho ni sumu yenye batu banasema inatiwa mu kinywaji, inakula mutu polepole mupaka anakauka. Na mutu akisha kusema karuho, lazima aseme pia nani aliitia.

— Na yaya yako, kaka yako mukubwa Jean-Claude? nikamuuliza Chrispin. Anajua?

— Alikuya jana. Alisema Colombe akitamka kanseri mu kanisa, asikanyage tena mu kiwanja, parcelle ya baba. Ati tutaonekana jamaa ya babongo, batu ya kusema uongo.

— Na Colombe anasema nini?

— Anasema atasema. Na anataka nisimame naye pembeni, nami niseme. Juu miye njo nilikuwa garde-malade, mwenye kumuchunga mu ugonjwa.

Aliangalia viatu yake. Halafu akaangalia siye yote, mumoja mumoja.

— Nisimame ao nisisimame? Munisaidie.

Unaona swali ya mutu mwenye kuumia? Ni fupi, ni wazi. Sasa sikiliza majibu.

— Ya kwanza kabisa, Directeur anasema, mutu hawezi kusimama hivi hivi. Anasimama kama nani? Lazima kuwe comité. Président, vice-président, na conseiller wa maadili.

— Conseiller wa maadili njo weye, nikasema.

— Kama batu banisukume, sitakataa.

— Comité haitoshi, Ambassadeur anarukia. Siye tulikuwaka tunaita ile kazi plaidoyer, kutetea batu. Inaanza na atelier. Batu banakaa mu salle, banajipresenta, banakula. Kisha atelier, banderole, kitambaa kubwa ya maandishi. Kisha banderole, marche! Bagonjwa yote batoke Bukavu, bashuke Kamanyola mupaka Sange, na fanfare mbele. Kule Sange batu bataungana nasi...

— Ignace, bagonjwa batembee mu jua ya bonde ya Ruzizi mupaka Sange? Unataka kuponyesha batu ao kubamaliza?

— Batapumuzika ku njia, Maman Domitille. Kutakuwa na tente.

— Miye naona mambo ya kizamani, Docta anasema, kidole ku telefone. Leo ni video. Colombe acheze. Aweke ile wimbo yenye bote banacheza, anyooshe mukono hivi, ajipime titi hivi, azunguke. Dunia nzima itaona. Ata Amerika bataiga.

— Colombe acheze nyuma ya matangazo? Mbele ya padri?

— Padri naye acheze!

Directeur alicheka mupaka kahawa ilimupita ku pua. Ambassadeur akasimama sasa, kofia mu mukono, anapima hewa kama yuko mbele ya mikrofoni:

— Hapana, hapana, mufikirie mukubwa! Tuchukue bateau. Bateau nyeupe. Inazunguka ziwa Kivu, ku kila kisiwa inasimama, docteur wa kike anashuka na mashini, anapima bamama, bateau inapiga honi...

— Na ku Luhwindja bateau itafika na njia gani? Directeur anauliza. Itapanda mulima?

— Kule tutatumia hélicoptère.

— Na hélicoptère itaandikwa nini ku tumbo? Docta anauliza, macho inang'aa.

— Uso ya Colombe! Kubwa!

Nikapiga termosi juu ya meza. Kweli, niliipiga. Kuko siku nawapenda hawa banaume, na kuko siku natamani kubamwangia kahawa.

— Munyamaze! Mutu ametuuliza kama asimame pembeni ya bibi yake. Hakuomba hélicoptère.

Chrispin alikuwa analia, lakini ile ya mwanaume wa hapa kwetu, yenye anajifanya moshi imemuingia mu macho.

— Colombe alishaka kuanza, anasema. Hamujui. Kuko mutoto wa jirani, Carine, binti mukubwa, alipata uvimbe ku titi, akafichaka. Colombe njo alimuona anavaa nguo kubwa kubwa kila siku. Akamufuata ku kisima, akamufungulia blouse yake mwenyewe, akamuonyesha kovu. Akamuambia: "Angalia, niko muzima. Kesho tunaenda ku hopitali weye na miye." Bakaenda. Alikaa naye mu couloir, fasi ya kungojea, siku nzima. Kila mara mutoto anataka kukimbia, anamushika ku mukono.

— Na huyo Carine? nikauliza.

— Banamutunza. Uvimbe ilikuwa ingali ndogo.

— Sasa si hiyo njo kazi yenyewe? nikasema. Atelier ya nini?

— Njo hiyo, anasema Chrispin. Anasema anataka kila mwanamuke wa paroisse ajue kama kuko mutu wa kumusindikiza. Na banaume bajue pia. Njo sababu ananitaka. Anasema: "Bamama batanisikiliza miye. Lakini banaume njo banakataza bibi yao kwenda, na banaume banasikiliza mwanaume mwenzao." Anataka niseme namna nilimuogesha. Namna nilijifunza kupika uji yenye haimutapishe. Namna nilikuwa natoka inje usiku na kugombana na Mungu. Hiyo yote naweza kusema. Sina haya nayo.

— Basi unaogopa nini? Directeur anauliza, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mutu, haikuwa ya mwalimu.

— Naogopa mwanzo yake.

Akazungusha kikombe yake mu mikono.

— Juu mwanzo yake ni hii: alinionyesha uvimbe, nami nikamupeleka kwa muzee wa karuho. Jean-Claude alisema, bote bilisema, nami nikakubali. Ule muzee alimunywesha majani, Colombe akatapika mupaka damu, muzee akasema sumu inatoka. Tukarudi. Uvimbe ikaongezeka, tukarudi tena kwa muzee. Titi yake ingepona bila kukatwa kama tungefika mapema, docteur alituambia hivyo, polepole, bila kutukemea. Na nikisema haikuwa karuho, batu batauliza: na tante Gisèle je?

Hapo hakuna mutu alicheka. Tante Gisèle ni shangazi ya Chrispin na Jean-Claude, wa Luhwindja. Alikuwaka anatengeneza kasiksi, bière ya ndizi, tamu kupita ya bote kule mulimani. Siku ya batizo ya mutoto wa Chrispin, yeye njo alimupa Colombe kikombe. Kisha uvimbe ikatokea, na jamaa ikahesabu kwa kurudi nyuma mupaka ku kile kikombe. Tangu pale hakuna mutu anakunywa kwake. Ata maji. Bajirani bakimuona anakuya, banafunika sufuria. Na habari ilishuka mupaka hapa ku banc. Ilizunguka hapa kama beignet ya moto, kila mutu anaichukua na kuipitisha.

— Siye hapa tulishaka kujua kama ni kanseri, Directeur akasema haraka. Siye batu ya masomo.

— Kabisa, Ambassadeur akasema.

— Mu telefone iko wazi, Docta akasema.

Wakati ileile mutu akasalimia nyuma yao. Nilikuwa nimemuona anapanda, maman wa kizee kidogo, mukondefu, na pagne ya kitenge ya kijani na matope mupaka ku magoti. Mukononi ana kibidoni, dumu ndogo ya njano. Nilifikiri anatafuta njia ya soko. Chrispin aligeuka, na kikombe yake ya kahawa ikaanguka.

— Tante.

— Njo miye, anasema. Nilitoka Luhwindja jana, nikalala ku njia. Bilisema kule juu kama bibi yako atasema mu kanisa. Ni kweli?

— Ni kweli, tante.

— Atasema ni kanseri?

— Ndiyo.

Maman Gisèle alishika ukuta ya pharmacie. Nilisogeza banaume kwa kiwiko na nikamukalisha. Alikaa na kibidoni ku magoti, anaishika kama mutoto mudogo.

— Maman, usiwe na woga, Directeur akamuambia na heshima yote. Hapa uko kati ya batu benye kuelewa. Siye hapa hatukuamini ile mambo. Ilikuwa ugonjwa, haikuwa weye. Hakuna mutu ku hii banc mwenye anakushitaki.

— Aksanti, papa, anasema. Aksanti sana.

Akafungua kibidoni. Ilikuwa mashanza, maziwa ya mugando, nzito na nyeupe, ya ng'ombe ya kule mulimani. Harufu yake ilinirudisha kwa mama yangu. Akaniomba kikombe safi, nikamupa. Akajaza mupaka juu, akaiinua mbele ya bale banaume.

— Nililetea Colombe. Lakini iko mingi. Nani atakunywa?

Weee. Ungeona. Docta aliona ujumbe ya haraka mu telefone yake. Ambassadeur akashika tumbo na kusema docteur alimukataza maziwa tangu utoto. Directeur akajaza kinywa yake na beignet. Na miye, mwenye nilikuwa nimepiga termosi na kukaripia bote, nilijikuta napangusa meza yenye ilikuwa tayari kavu.

Maman Gisèle hakukasirika. Alionekana mutu mwenye amezoea. Huku kwetu mwenye kuleta kinywaji anaonja yeye wa kwanza, ili mugeni aone hakuna kitu ndani. Tunafanyaka hivyo ata ku ndoa, na tunaita heshima. Basi akarudisha kikombe kwa midomo yake, aonje.

Chrispin akamushika mukono.

— Hapana, tante. Usionje.

Akatwaa kikombe na akakunywa. Hakukunywa kidogo, ya adabu. Alikunywa mupaka nusu, koo inapanda na kushuka, na mashanza ikamubakia ku ndevu. Halafu akaweka kikombe ku mbao na akapiga magoti mu matope, palepale mbele ya batu ya soko, akamukumbatia shangazi yake ku miguu.

— Unisamehe, tante. Nilikuwa na woga Colombe atakufa, na nilitafuta mutu wa kukasirikia.

Maman Gisèle akamupangusa ndevu na ncha ya pagne. Alilia bila sauti. Nami nililia, na yangu ilikuwa na sauti.

— Weye umekunywa, akamuambia mwisho. Na Colombe? Dimanche, mbele ya kanisa nzima, nikimupa kikombe, atakunywa?

Chrispin akaangalia siye. Tukaangalia siye kwa siye.

— Siwezi kujibu kwa kinywa yake, tante, Chrispin akasema. Titi ni yake, na mashanza utamupa yeye. Twende umuulize. Lakini miye nitasimama pembeni yenu, hiyo najua sasa.

Akatwaa kibidoni, akamupa shangazi mukono, bakapanda polepole, juu njia ilikuwa inateleza. Ku kila mulango batu bilitoka kuangalia.

Kikombe ilibakia ku banc, nusu yake ingali ndani. Niliiangalia. Sitakudanganya, nilikumbuka kile kikombe ya batizo. Kisha nikaichukua na nikakunywa funda moja, ilikuwa tamu na chumvi kidogo, na nikaipitisha kwa Directeur.

Aliipokea na mikono mbili. Docta akaweka telefone chini. Ambassadeur akavua kofia. Batu bilikuya, nikabauzia kahawa, benyewe bakaenda, banafunzi bakapita kwenda masomo, na kahawa ikaisha mu termosi. Wakati nilianza kukusanya vikombe yangu, Directeur alikuwa angali ameishika ile moja ya mashanza, haijapungua, anaangalia ndani.