Nathanieli Mtewele, Fundi wa Samaki wa Mti (1957–2025)

Zamani kitu kikiharibika jirani alikirudisha hadi mlangoni kwa aliyekitengeneza, siku hizi kinatupwa jalalani na hakuna anayeona haya. Ndugu yetu, marehemu Nathanieli Yohanes Mtewele, alikuwa mtu wa kuona haya.

Alizaliwa hapa Yakobi tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa nne wa mzee Yohanes Mtewele na mama Lidia, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza useremala miaka miwili katika karakana ya misheni. Mimi kaka yake, ninayesoma haya, sikupelekwa shule. Herufi nilizipata kwenye madaftari yake.

Tarehe 26 Septemba 1981 alifunga ndoa na Priska, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 1994 alikwenda Lupingu, Ziwa Nyasa, kuezeka kanisa. Huko aliwakuta wavuvi wakivua mbasa kwa chambo cha mti kilichochongwa kama samaki mdogo. Akarudi akaanza kuchonga vyake, akavipaka rangi na kuvitia macho, akawapelekea. Baada ya miezi miwili mvuvi mmoja, Basil, alipanda milima yote hiyo hadi hapa na mfuko mkononi.

"Kamwene, fundi," alisema. "Samaki wako wamevua mashati."

Vanishi ilikuwa imebabuka na mti umekunywa maji. Shemeji Priska alicheka. Marehemu hakula siku ile.

Alijaribu kila kitu. Vanishi ya mafuta ilibaki inanata. Sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mti, peke yake ilibanduka. Klia ya magari, ile rangi angavu ya kuchanganya na hadena ili igande, ilikauka ngumu kama kucha, lakini ukungu wetu wa Juni uliigeuza nyeupe kama maziwa. Mimi nilimshauri awaanike samaki juu ya moto jikoni, kama tulivyokausha mipini ya majembe. Wakatoka na rangi ya chai.

"Kaka," akasema, "hawa sasa ni wa kula."

Mwaka 2003 akahamia Makambako, kwenye upepo mkavu. Nilimwambia, "Mwanamume haachi shamba la baba yake kwa ajili ya vanishi." Akajibu, "Sikuachi, kaka. Naufuata upepo." Kwa miaka ishirini na miwili sikukanyaga kwake, tulionana misibani tu. Nalisema hili mbele ya jeneza lake kwa kuwa sina tena mahali pengine pa kulisema.

Kule alipaka klia mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, myembamba, akipitisha msasa wa maji kati ya mmoja na mwingine, na kila samaki alilazwa wiki nzima ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuuzwa. Hakuna aliyerudishwa. Kisha vikaja vyambo vya plastiki kwa magunia, na wavuvi wakaacha kumuulizia.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alifariki Makambako, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, Priska. Watoto, Shedrack, Elina na Lightness. Wajukuu saba, na kaka mmoja. Bwana amlaze katika amani yake.

Nilimwona mara ya mwisho Alhamisi tarehe 5 Juni, siku niliyofika kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa kitandani, ameshika samaki mmoja. Macho yalikuwa yamemwishia nuru, akanipa nimtazamie dirishani kama klia imeshika povu la hewa. Lilikuwepo moja, mkiani.

"Ni safi, mdogo wangu," nikasema.

Akapitisha kidole gumba polepole mpaka akalipata.

"Umesafiri kote huko kuja kunidanganya?"

Tukacheka wote wawili. Akaniomba nirudi Jumapili nimshikie yule samaki, alipige msasa lile povu na kupaka upya. Nikamwambia nitakuja. Jumapili kulikuwa na baridi, nikaahirisha.