Ubeti wa Pili

Benchi la pale kona lilikuwa mbao moja ndefu iliyolazwa juu ya matofali, na mgongo wake ulikuwa ukuta wa karakana ya baiskeli. Wenyewe waliliita ofisi, na kila siku saa tatu asubuhi waliingia kazini bila kuchelewa. Mwenye karakana aliitwa Spoku, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya wembamba wake. Kushoto alikaa Stempu, mstaafu wa dirisha la posta. Kulia alikaa Wakili, ambaye sheria hakuisomea. Aliitwa mahakamani mara moja tu, kuwa shahidi katika kesi ya kuku, na toka siku hiyo hakuweza kuomba hata sukari bila kusema "kwa mujibu wa". Birika, muuza kahawa, alikuwa amesimama, maana ndiye pekee aliyekuwa na haraka. Redio ilining'inia kwenye msumari kati ya tairi mbili. Asubuhi hiyo mtangazaji alisema ana wimbo mpya, akataja jina la mwimbaji, na spana ikamtoka Spoku mkononi.

— Si yule binti wa studio huyo? akauliza Stempu.

— Ndiye, akasema Spoku, akainama kuitafuta spana ambayo ilikuwa wazi kabisa mbele ya miguu yake.

— Binti wa studio gani? akauliza Birika, ambaye alihamia mtaa ule juzijuzi.

— Hapo penye duka la simu palikuwa na studio ya picha, akasema Wakili. Miaka thelathini iliyopita. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha na kuzisafisha kule gizani. Hapakuwa na kijana mtaa huu aliyekosa picha.

Mtangazaji akasema muziki wenyewe ni roki ya kienyeji.

— Kuku ndiye wa kienyeji, akasema Wakili. Roki inakuwaje ya kienyeji?

— Ni ile isiyochomwa sindano ikue haraka, akasema Stempu. Nyamazeni.

Gitaa kavu likaanza peke yake, kama mtu anayetembea uani akiwaza. Ngoma ikafuata. Kisha gitaa la umeme likaingia kwa vishindo, na juu yake sauti ya mwanamke mtu mzima, asiye na haraka, anayehesabu wanaume aliowahi kuwapenda. Walikuwa wanne, kila mmoja na ubeti wake, bila majina. Wa kwanza, mrefu, mwenye kicheko kizuri, alivuka maji ya mafuriko kwenda kumjulia hali. Wa pili alimsimulia habari zake toka getini hadi mlangoni, na zilipokwisha akazianza upya toka mlangoni hadi getini. Wa tatu alisinzia kitini, akaamka akauliza, "Tulikuwa tumefikia wapi?" Wa nne sura yake imesahaulika, anakumbuka viatu tu.

Wimbo ukaisha. Birika akamimina kahawa, akawagawia vikombe.

— Sipendi kujisifu, akasema Wakili, lakini wa kwanza ni mimi.

— Mrefu? akauliza Stempu.

— Enzi zile nilikuwa mrefu. Watu hupungua. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki walimaanisha hilo hilo.

— Walimaanisha urefu?

— Kwa mujibu wa mazingira. Na nilimsindikiza nyumbani mara mbili.

— Mara ya pili hukumsindikiza, akasema Spoku. Alikuwa ametangulia.

— Ametangulia kidogo.

— Mtaa mzima, Wakili. Hata hakujua kwamba uko nyuma.

— Usalama wa mtu haulazimu ajue, akasema Wakili, akanywa kahawa yake kwa heshima.

Stempu akakohoa. Akasema kwamba yeye siku zote alilinyamazia jambo hili kwa kumheshimu mkewe, lakini sasa limetangazwa redioni hana budi. Kila mwezi, kwa miaka miwili, alikwenda studio kupiga picha za pasipoti.

— Ulikuwa unasafiri wapi? akauliza Birika.

— Sijawahi kusafiri.

— Sasa picha zote hizo?

— Haba na haba hujaza kibaba. Ninazo kwenye kopo, zimejaa. Siku moja nilitabasamu, akaniambia picha ya pasipoti haitakiwi kutabasamu. Sasa niambie, mtu atakwambia hivyo kama hakutazami?

— Anakutazama kwa sababu ameshika kamera, akasema Spoku.

— Wivu huo.

Wakamgeukia. Kwa haki, kama kulikuwa na mtu wa kudai chochote pale kona, ni Spoku. Wenzake walimpenda yule binti kwa macho. Yeye aliwahi kuwa mchumba wake miezi minane. Uchumba huo ulikwisha kwa barua ya mstari mmoja iliyosema ameondoka na ufunguo uko kwa jirani. Toka hapo Spoku alikuwa na maelezo yake: ami yake binti alimkataa kwa sababu ya mikono yenye grisi. Aliyasimulia maelezo hayo mara nyingi mno, hata mkewe akayapa jina la Taarifa ya Habari. Akianza tu, mama watoto huondoka kwenda kuanua nguo, hata kama hakuna nguo kambani.

— Wa kwanza ni mimi, akasema Spoku. Na mnajua. Mvua ile kubwa nilivuka na baiskeli kichwani.

— Maji yalifika wapi? akauliza Wakili.

— Kifundoni.

— Kifundo cha mkono au cha mguu?

Spoku akasema kwamba maji ni maji. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alijua kwa nini hakusema zaidi. Ubeti wa pili ulipoimbwa alikuwa ameikagua ile spana kama mtu anayetafuta ufa.

Hapo akafika mwanamke wa makamo akikokota baiskeli yenye pancha, mkoba wa vitabu umefungwa nyuma.

— Habari za kazi, fundi.

— Nzuri, dada. Karibu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Wakili akimsogezea nafasi. Tuna kesi hapa, na wenyeji tunaumwa kweli.

Mwanamke akaketi. Birika akampa kahawa na kumweleza kwa kifupi wimbo, mwimbaji na wadai watatu. Spoku akalifungua gurudumu, akaitoa tyubu, akaijaza upepo. Nyuma yake kesi ikaendelea kupanda.

Stempu alikuwa amegundua kwamba wanaume wote wanne ni mtu mmoja. Wimbo unahitaji beti nne, alisema, kwa hiyo binti alimgawa mtu wake siku nne: siku aliyovuka maji, siku aliyoongea sana, siku aliyochoka, na siku aliyovaa viatu vipya.

— Na mtu huyo ni wewe, akasema Birika.

— Mimi nilikuwa na viatu vipya mwaka ule.

Wakili akampita mbali. Alisema viatu vimetajwa mara mbili, na mtu mwenye akili timamu hataji viatu mara mbili bure. Ule haukuwa wimbo, ulikuwa wito. Anamwambia mhusika avae viatu aende. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo wasipofika, hukumu itatolewa bila wao. Stempu akaafiki. Wakakubaliana ujumbe wa watu watatu uende kituo cha redio, wakiwa na kopo la picha kama kielelezo.

— Mkifika mtasema nini? akauliza Birika.

Wakili akafikiri.

— Tutasema tupo.

Mwanamke alikuwa amesikiliza yote. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, naomba niulize kitu kidogo. Wakati ule, alikuwa anaimba?

Stempu akasogeza kikombe chake.

— Alikuwa anasema "tulia, usipepese," akasema.

— Hiyo si kuimba, baba.

— La.

Kwa miaka thelathini walijua alivyotembea, alivyobana nywele, saa aliyofunga studio. Hili hakuna aliyekuwa nalo.

Spoku alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, ameizamisha tyubu majini akitafuta palipotoboka. Akaona viputo vikipanda kimoja kimoja, akasahau kutia alama. Alikuwa amerudi kwenye kile chumba cha giza, nje ya pazia, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akieleza jinsi alivyomshinda fundi wa mtaa wa pili. Ndani, binti akiosha picha zake. Na kulikuwa na sauti.

— Alikuwa anaimba, akasema bila kugeuka.

Wote wakamtazama mgongo.

— Kila jioni, akifanya kazi. Polepole tu, kama anajaribisha. Nilimwambia apunguze kidogo.

— Kwa nini? akauliza mwanamke.

— Nilikuwa namsimulia habari zangu.

Gari likapita, vumbi likatua. Spoku akakausha tyubu kwa kitambaa, akaikwaruza, akapaka gundi na kusubiri ishike, jambo ambalo kwa kawaida angelijaza maneno. Alingoja kimya mpaka ikashika. Akabandika kiraka, akarudisha gurudumu, akamkabidhi mwanamke baiskeli yake. Mwanamke akashukuru, akawaaga, akaondoka zake.

— Si ami yake, basi, akasema Wakili taratibu.

— Ami yake alinipenda sana, akasema Spoku. Alikuwa akinipa baiskeli yake nimtengenezee.

Akaketi katikati yao, mikono magotini. Birika, bila kuulizwa, akammiminia kikombe.

— Kwa hiyo wewe ndiye wa pili, akasema Stempu.

— Mimi ndiye wa pili.

Stempu akatikisa kichwa muda mrefu, akitazama lile duka la simu.

— Angalau wewe umo, akasema.

— Ubeti mzima, akaongeza Wakili, na husuda hakuificha.